Friji Yako Inakula Gesi Kila Baada ya Wiki Sita? Wasee wa Kisii na Nyamira, Shida Sio Gesi, Ni Koili

Tuanze na ukweli mdogo: hapa Gusii hakuna mtu analala na AC. Ukitafuta AC ya nyumbani kutoka Suneka hadi Nyansiongo utachoka miguu bure. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Nyamira iko juu zaidi, mvua ya mchana haijawahi kuenda likizo, na usiku blanketi ni lazima. Nani atanunua mashine ya baridi na baridi yenyewe inaingia bure kwa dirisha? AC utaipata kwa benki, kwa chumba cha kompyuta za ofisi, kwa chumba cha upasuaji, na kwa gari la mheshimiwa.

Lakini mazee, ile koili inavuja kwa AC ya msee wa Mombasa ni ndugu ya ile inavuja kwa friji ya mathe wako hapo Keroka. Kazi ni moja, ugonjwa ni mmoja. Na kwa hiyo friji ndio doo za watu wetu zinapotelea.

Cheki hii hesabu. Tuseme una kabucha Keroka, ama unauza mala Kebirigo. Friza inaacha kugandisha. Unaita fundi, anakuja na kamtungi, anadunga gesi, friza inaanza kushika barafu fiti kabisa, anachukua thao tatu zake anahepa. Wiki sita baadaye nyama imelegea tena. Thao tatu zingine. Ikifika mara ya nne umetoa thao kumi na mbili, na tundu bado liko pale pale linakucheka. Hapo bado hujahesabu nyama ambayo mbwa wa soko walikula kama wako harusini.

Kwa hivyo shika hii kitu moja kabla uendelee: gesi ya friji haiishi vile gesi ya kupikia inaisha. Hakuna mahali inachomwa. Imefungiwa ndani ya paipu, inazunguka tu, leo, kesho, mwaka ujao. Friji inaweza kukaa miaka kumi na zaidi na gramu zile zile ilitoka nazo kiwandani. Ikipungua, imevuja. Fundi akikwambia "gesi imeisha tu, ni kawaida," muulize kwa upole imeenda wapi.

Hiyo koili hufanya nini kwani?

Friji ina koili mbili. Moja iko ndani, imezunguka kile kisanduku cha friza. Nyingine iko nje: kwa friji za kitambo ni ile nyavu nyeusi nyuma, kwa hizi za siku hizi imefichwa ndani ya kuta za pembeni. Katikati yake kuna kompresa, ile kitu nyeusi kama chungu iko chini huko nyuma.

Kompresa inafinya gesi na kuisukuma ikiwa moto kwa koili ya nje. Hapo inaachilia joto na kugeuka majimaji. Halafu inapitishwa kwa kapaipu kembamba sana, na ikitokea kwa koili ya ndani inapata nafasi, inageuka kuwa mvuke tena. Unajua vile daktari akikupaka spiriti kabla ya sindano ngozi inasikia baridi? Ni hivyo hivyo. Kitu kikigeuka mvuke kinaiba joto mahali kiko. Kwa friji, joto linaibwa kutoka kwa nyama yako.

Sasa weka tundu dogo kama ncha ya sindano mahali popote kwa hiyo safari. Gesi inatoka polepole, baridi inapungua polepole, na wewe unaanza kulaumu stima.

Usiite fundi kabla hujacheki haya

Kuna watu wanaona maji chini ya friji wanapiga simu wakisema "gesi inavuja." Hapana. Gesi ikivuja haiachi kidimbwi sakafuni. Hayo maji mara nyingi ni ya barafu iliyoyeyuka, na katundu ka kuyatoa, kale kako ndani nyuma chini, kamezibwa na kipande cha sukuma wiki. Chukua mrija wa soda, zibua, kwisha. Hata AC ikidondosha maji kwa ukuta, mara nyingi ni paipu ya maji imeziba.

Cheki mpira wa mlango pia. Weka noti ya soo kwa mlango, funga, halafu vuta. Ikitoka bila kushikwa, baridi inatorokea hapo. Na ukiskia kompresa inafanya tik, inanyamaza, dakika chache tena tik, hiyo sio gesi: ni kompresa inashindwa kuanza, aidha stima iko chini (taa za nyumba zinakuwa za manjano) ama kale kakifaa ka kuiwasha kameungua. Hiyo ni kazi ndogo.

Dalili za koili iliyotoboka ni tofauti. Kompresa inanguruma mchana na usiku bila kupumzika. Barafu inashika kona moja tu ya friza, pale paipu inaingilia, kwingine kote ni kukavu. Koili ya nje, ambayo inafaa iwe na joto ukiishika, iko baridi kama ukuta. Na ukiangalia vizuri kwa viungio utaona alama ya mafuta imeshika vumbi. Kompresa huwa na mafuta yake, na gesi ikitoroka huenda na kidogo. Ukiona hiyo alama umeona mlango mwizi alitokea.

Nani alitoboa?

Mara nyingi ni wewe. Pole, lakini ni ukweli. Mimi mwenyewe nilishawahi kutoboa ya nyumbani nikitoa matumbo yaliyoganda na kisu cha jikoni, nikaskia "ssssss", nikafunga mlango pole pole na kuenda kulala kama sijui kitu. Kile kisanduku cha friza ni karatasi mbili za alumini zimeshikanishwa, na njia za gesi ziko hapo katikati. Ukidunga na kisu hauko mbali na gesi hata kidogo.

Sababu ya pili ni chumvi na asidi. Alumini haipendi chumvi. Damu ya nyama, maji ya samaki, mala iliyomwagika ikakaa wiki mbili, zote hizo zinakula alumini taratibu hadi inaonekana kama imetobolewa na sindano mahali kumi. Paipu za shaba nazo zinaumwa na mvuke wa siki. Friji ya bucha ama ya mama samaki huzeeka haraka kwa sababu hiyo.

Halafu kuna safari. Friji inanunuliwa Nairobi, inalazwa juu ya basi, inateremshwa mjini, inapandishwa kwa pikipiki hadi kijijini kwa ile barabara unaijua. Viungio vinatikisika, kimoja kinapata ufa mwembamba. Kama lazima ilazwe, ikifika isimamishe na uiache masaa kadhaa kabla ya kuidunga kwa stima, ndio mafuta yarudi kwa kompresa. Ukiwa na subira, iache hadi kesho yake.

Fundi amekuja. Mwangalie mikono

Hapa ndipo pesa yako inaokolewa ama inachomwa, na wakati mwingine sio pesa pekee.

Kitu cha kwanza fundi wa maana anafanya ni kusoma. Nyuma ya friji ama kwa kompresa kuna kibandiko kinasema ni gesi gani na gramu ngapi. Ya kitambo sana ni R12, nyingi za miaka iliyofuata ni R134a, na nyingi mpya ni R600a. Sio za kubadilishana ovyo. Mafuta ya kompresa ya R134a ni tofauti na ya R600a, na kompresa yenyewe imepimwa kwa gesi yake. Fundi akisema "hii yangu inaingia kwa zote," mpe chai, mwambie mbuya mono, na umsindikize hadi stegi.

Sasa sikiza kuhusu hii R600a. Ni aisobiuteni, binamu wa gesi ya kupikia. Inawaka. Kompresa yake huwa na alama ya moto kwa pembetatu ya manjano. Kwa friji ya nyumbani ni kidogo, mara nyingi chini ya gramu 100, na ikiwa imefungiwa ndani haina noma. Noma inaanza fundi akija na moto wa kuchomelea paipu kabla ya kutoa gesi yote nje, na ni ndani ya kajikoni kamefungwa madirisha, jiko la makaa limewashwa hapo kando. Usikubali. Friji itolewe nje kwa uwanja, jiko lizimwe mbali, gesi iachiliwe kwa mpira hadi hewani mbali na moto, na paipu ikatwe na kikato, sio kuyeyushwa na moto. Watoto wakae mbali.

Wako wengine wanajaza friji na gesi ya kupikia yenyewe kutoka kwa mtungi wa kilo sita. Friji inaweza kugandisha siku chache, ndio, halafu wanasema "si unaona?" Hiyo gesi ni mchanganyiko, haijakaushwa kwa kazi hii, na ukiijaza kwa friji ambayo swichi na taa zake hazikutengenezewa gesi inayowaka, umeweka kiberiti karibu na sebule.

Kupata tundu: fundi anajaza naitrojeni kwa paipu, halafu anapaka povu la sabuni kwa kila kiungio. Povu likipanda, tundu ndio hilo. Kwa friji ya R600a kupaka sabuni koili ya ndani kompresa ikiwa inanguruma ni kupoteza sabuni, kwa sababu wakati huo presha ya hiyo koili iko chini ya ile ya hewa ya nje. Tundu linavuta hewa ndani, halitoi kitu. Hiyo hewa huingia na unyevu, unyevu unaganda kwa kale kapaipu kembamba, na friji inakufa kifo kingine.

Na hapa nitaandika kwa sauti: NAITROJENI, SIO OKSIJENI. Kuna jamaa wa kuchomelea wana mtungi wa oksijeni na wanaona hewa ni hewa. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Ukiona mtungi wa oksijeni unaunganishwa kwa friji yako, toka hapo kwanza, maswali baadaye.

Tundu likizibwa, inafuata kunyonya hewa yote na pampu ya kunyonya, angalau nusu saa, sio kuwasha kompresa ya friji yenyewe dakika mbili "ijisafishe." Filta mpya inawekwa kila mara mfumo ukifunguliwa, ni kakitu kadogo ka shaba, kisikuletee mjadala. Halafu gesi inapimwa kwa mizani. Kwa R600a, kuzidisha ama kupunguza gramu kumi tu kunaharibu kazi. Fundi anayesema "mimi nasikia kwa mkono" anapika ugali, hatengenezi friji.

Kuna ka-mtego kengine ka huku kwetu milimani. Vitabu na video vya fundi vinasema pampu ikimaliza kunyonya, geji isome inchi 30. Hiyo ni kando ya bahari. Hapa Kisii hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hivyo hata ukinyonya hadi tone la mwisho, geji ya kawaida itaishia karibu 24 ama 25. Fundi akikwambia pampu yake ni mbovu juu haifiki 30, pengine pampu iko sawa. Na akikuonyesha 30 kamili akiwa Nyamira mjini, hiyo geji ndio inadanganya.

Kuna dawa kwa hiyo friji?

Kama nyumbani kuna mtu wa sukari, hii ndio sehemu ya kusoma mara mbili. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji yenye koili inavuja haifi siku moja. Inapanda pole pole: leo 9, wiki ijayo 14, na chupa bado inasikika baridi kwa mkono. Nunua kipimajoto kadogo, kiweke ndani ya glasi ya maji kwa rafu ya katikati, soma asubuhi. Ukiona imepita 8 na haishuki, hamisha dawa kwa jirani ama umuulize mwenye duka la dawa, usingoje fundi. Na usiikimbize kwa friza ati ndio ishike baridi. Insulini ikiganda hata mara moja ni ya kutupa. Ile chupa unatumia sasa hivi kwa kawaida inaweza kukaa nje ya friji karibu wiki nne mahali hapana joto kali, lakini hakikisha na karatasi yake, kwa sababu aina hazifanani.

Sasa, kutengeneza ama kununua?

Inategemea tundu liko wapi.

Likiwa kwa kiungio nyuma, karibu na kompresa, tengeneza bila kufikiria mara mbili. Ni kazi ya siku moja.

Likiwa kwa kisanduku cha friza, tundu moja la kisu, linaweza kuzibwa. Kuna gundi ya vyuma ya sehemu mbili na kuna vijiti vya kuchomelea alumini. Gundi inadumu ikiwa alumini ilisafishwa hadi ikang'aa na mfumo haukuwa na presha wakati wa kupaka. Lakini ukiona vidoti vyeupe vya kutu mahali pengi, usizibe. Leo utaziba hapa, mwezi ujao itatobokea pale. Hapo ni kubadilisha koili nzima, ama fundi azungushe paipu mpya ya shaba ndani ya friza na kuachana na ile ya zamani. Haipendezi macho, inakula nafasi kidogo, lakini iko kazi. Bucha nyingi zinaendesha hivyo.

Likiwa limefichwa ndani ya povu la ukuta, hapo ndio watu huambiwa friji imekufa, na mara nyingi sio kweli. Kama ni koili ya nje ndio imetoboka ndani ya ukuta, fundi anaiacha humo humo na kufunga nyingine nyuma, zile nyavu nyeusi za kitambo. Kuna pia paipu inazunguka mlango kuzuia jasho. Hiyo inaweza kurukwa kabisa, na friji itatoa jasho kidogo mlangoni msimu wa mvua. Kama ni koili ya ndani na imezikwa kwa povu, na friji ina miaka yake, na chini imeshika kutu, sasa piga hesabu kwa karatasi. Mimi hutumia kipimo cha nusu: gharama yote, fundi, koili, filta na gesi, ikipita nusu ya bei ya friji ya ukubwa huo huo, siendelei. Ukiamua kununua, angalia kibandiko cha nyota cha EPRA. Nyota nyingi, tokeni kidogo.

Na kabla ya yote soma waranti. Ile "miaka 10" imeandikwa kwa herufi kubwa mlangoni mara nyingi ni ya kompresa peke yake. Koili iko kwa herufi ndogo, na mara nyingi ni mwaka mmoja ama miwili. Kama bado uko ndani ya muda, usiruhusu fundi wa mtaa afungue kitu, itakuwa sababu ya kukukatalia.

Kwa mliooko Mombasa, Doha na kwingine kwa jua kali

Nyinyi mna AC, na swali lenu ni lile lile. Kwanza cheki nati za paipu mahali kisanduku cha ndani kinaunganishwa. Uvujaji mwingi uko hapo kabla ya koili, na ni kukata, kupanua paipu upya na kukaza. Kando ya bahari chumvi ya hewa inakula mapezi ya koili ya nje. Ukiyagusa yakipukutika kama biskuti, hiyo ni ya kubadilisha. AC ya zamani ya R22 iangalie kwa makini kabla ya kuinunulia koili mpya. Hiyo gesi inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi kama Kenya zina hadi 2030 kuimaliza, kwa hivyo unaweza kuwa na koili mpya na gesi ya kutafuta na tochi. R134a nayo iko kwa orodha ya kupunguzwa tangu makubaliano ya Kigali ya 2016, juu kilo moja yake inapasha dunia joto kama zaidi ya kilo 1,400 za hewa ya kaboni. Hiyo isiachiliwe hewani ovyo. Fundi mwenye vifaa anaivuta kwa mtungi wake.

Friji imerudi. Usimlipe yote bado

Iwashe ikiwa tupu. Baada ya saa moja shika koili ya nje, inafaa iwe na joto. Fungua friza, barafu nyembamba inafaa kuwa imeanza kushika pande zote, sio kona moja. Acha hadi kesho yake na ile glasi yenye kipimajoto. Ikisoma kati ya 2 na 8 kwa rafu ya katikati na kompresa inapumzika mara kwa mara, malizia deni la fundi.

Mwambie aandike kwa kipande cha tepu nyuma ya friji: tarehe, aina ya gesi, gramu, na mahali tundu lilikuwa. Akikataa kuandika, jiulize kwa nini. Na barafu ikijaa tena, zima friji usiku, weka sufuria ya maji moto ndani ya friza, funga mlango, na ufiche kisu mahali watoto na mabwana wa nyumba hawataki kufika.